Mwimbaji wa bendi mpya, anzeni na kwaya

Mkuu, kama gita, besi na dramu mnazo na kilichobaki ni mwimbaji tu, msikimbilie tangazo Instagram, mtajaziwa na watu waliozoea kuimba juu ya biti iliyorekodiwa, bendi ikianza kupiga wanapotea. Pitieni kwaya za makanisani, kule mtu anajua sauti ya kwanza mpaka ya nne na mazoezi kayazoea, ila muulizeni mapema maana wengine baa hawaimbi. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, nao wanafundisha muziki, sio mbali na Dar. Na wikiendi zungukeni kumbi za live bendi Sinza na Kinondoni, msimwangalie staa, msikilizeni yule anayeitikia nyuma.

Siku ya kumjaribu mtumieni nyimbo mbili kabla, moja yenu moja achague mwenyewe. Aanze bila vyombo, kisha bendi nzima, halafu pandisheni ki, yaani wimbo uleule mpige kwa sauti ya juu zaidi, bila kumwambia muone kama sikio lake linafuata, hapo ndo wengi wanaanguka aisee, sauti tamu lakini anaelea kama mtumbwi usio na kasia. Kisha mwingine aongoze wimbo, yeye aitikie. Na kwenye maiki zimeni eko, ile ya kurudisha sauti kama mwangwi, inaficha madudu mengi!

Hela za shoo mgawanyo semeni siku hiyohiyo. Msimkubali papo hapo, mwiteni mazoezini mara mbili tatu kwanza, akichelewa zote na kisingizio foleni ya Ubungo mwacheni, hata awe na sauti gani.