Kabla Pesa za Msaada Hazijaingia, Kaeni Kikao

Kuna swali ambalo watu wa mjini hawachoki kuniuliza wakisikia kazi yangu: maskini ukimpa pesa mkononi, si ataimalizia kwenye pombe? Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Kyegegwa, magharibi mwa Uganda, kwa miaka mingi sasa. Wateja wangu wengi ni hao hao wanaosemwa: wazee wa vijiji vya jirani, na wakimbizi waliotoka Kongo wanaoishi kwenye makazi ya Kyaka II. Pesa ikiingia naiona, na kwa kuwa sokoni hakuna siri, inakoelekea pia naiona. Inakwenda dukani kulipa deni, shuleni, zahanati, kwa muuza mbegu, kwa fundi wa mabati. Walevi wapo, lakini walikuwepo kabla ya msaada wowote, na pesa ya pombe walikuwa wakiipata kwenye vibarua. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia waliwahi kupitia tafiti za nchi nyingi kuhusu jambo hili, mwaka 2014, wakakuta kwamba watu wakipewa pesa matumizi ya pombe na sigara hayapandi, na mahali pengine yanashuka. Kwa hiyo hilo naliacha hapo.

Linaloninyima usingizi ni lingine. Familia mbili zinapokea kiasi kimoja, siku moja, zote zina watoto, zote zinalima. Mwaka ukipita, moja ina mbuzi zizini na watoto hawajarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nyingine hata haikumbuki ile pesa ilifanya nini. Nimewaangalia watu hawa kwa karibu, na sioni kwamba wa kwanza ni wachapakazi na wa pili ni wavivu. Tofauti ninayoiona mara nyingi ni kwamba kwa wale wa kwanza pesa ilikuta neno limeshasemwa ndani ya nyumba. Kwa wale wengine ilikuta kila mtu na hesabu yake kichwani.

Ndiyo maana nawaambia wote wanaoniuliza: kwanza jueni pesa inayokuja ni ya aina gani, kwa sababu zote hazifanyi kazi moja.

Ipo inayokuja kidogo kidogo. Wazee wetu wanaijua SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa ulioanza mwaka 2010, na Kyegegwa ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa. Sasa ni ya nchi nzima kwa waliotimiza miaka 80, shilingi 25,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi hulipwa kwa mkupuo baada ya miezi kadhaa. Wakimbizi nao wapo wanaopewa pesa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, badala ya mahindi na maharage. Pesa ya namna hii ni ya sufuria, na hakuna aibu kuila. Mzee anayekula vizuri na kununua dawa yake ya presha bila kumwomba mwanawe amepata heshima, na wajukuu anaowalea wanapata daftari. Ukijilazimisha kuikusanya ununue ng'ombe, utalala njaa na ng'ombe hutampata.

Ipo pia inayokuja mara moja, nyingi, kisha basi. Hii ndiyo ya mali: mabati, mifugo, cherehani, shamba la kukodi, mtaji wa duka. Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili lilipimwa kule Rarieda, upande wa Siaya, kati ya 2011 na 2013. Kaya nyingine zilipewa kwa mkupuo, nyingine zikapewa kidogo kila mwezi. Waliopata kila mwezi walikula vizuri zaidi; waliopata kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, paa za mabati hasa. Anayepewa nafasi ya kuchagua namna ya kulipwa, na mashirika mengine huuliza, ajibu kwa kuangalia nyumba yake inakosa nini.

Halafu ipo ambayo si msaada kabisa ingawa watu wanaiita hivyo. Nasema juu ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, ambao kila parokia, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, hupelekewa milioni 100 kwa mwaka na kaya kukopeshwa hadi milioni moja kupitia SACCO, chama cha akiba na mikopo. Ni mkopo. Riba yake ni asilimia 6 kwa mwaka, nafuu sana ukilinganisha na wakopeshaji wa sokoni, lakini unarudishwa. Nimeshawaona watu wakinunua nayo vitanda na redio kwa kuambiwa na majirani kwamba ni zawadi ya serikali. Anayetaka kutia sahihi na aulize hapo hapo: hii nitairudisha? Lini? Kwa nani?

Sasa kikao chenyewe. Kifanyeni kabla tarehe haijafika, jioni, mkiwa mmekula, mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wawepo. Kama ni mama peke yake, akae na dada yake au mtu mwingine anayemwamini. Anzeni na madeni, kwa sababu deni halingoji. Kisha angalieni kalenda. Hapa kwetu mvua za kwanza ni kuanzia Machi, za pili kuanzia Septemba, na mihula ya shule inafunguliwa Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba. Pesa ikiingia Agosti, mbegu na karo viko mlangoni, na mbuzi angoje. Ikiingia baada ya mavuno, chakula kipo, kwa hiyo hapo ndipo pa kununua mnyama. Andikeni, hata kwenye jalada la daftari la mtoto. Kilichoandikwa kina nguvu mbele ya shemeji atakayekuja kesho asubuhi kuomba nauli.

Kuandika huku kuna ushahidi mkubwa kuliko wangu. Mwaka 2008 serikali iliwapa vijana wa kaskazini mwa Uganda ruzuku kwa vikundi, wastani wa dola 382 hivi kwa kila kijana. Ili kupewa, kikundi kilitakiwa kwanza kuandika mpango: tutajifunza kazi gani, tutanunua vifaa gani. Wakajifunza kushona, useremala, kuchomelea vyuma. Baada ya kupewa, hakuna aliyewasimamia. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia, na baada ya miaka 4 kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha vijana walioomba wakakosa. Lazima niseme na upande wa pili: walipowarudia baada ya miaka 9, wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato. Lakini waliopewa walibaki na mali zaidi, na wengi zaidi walikuwa na kazi za ufundi. Kwangu mimi miaka kadhaa ya kula vizuri na kusomesha si kitu kidogo.

Nirudi kwenye kibanda changu, maana hapa ndipo ninapoona pesa ikivuja, na inavuja katika mambo madogo.

Siku ya malipo alikuja bibi mmoja, simu yake ya vitufe imefungwa kwa mpira. Akanipa akasema, "Mwanangu, nitolee yote." Nikamwomba aweke namba ya siri mwenyewe. Akaigeuza simu: namba zote nne zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta nyuma yake. Nikamwuliza nani mwingine anaijua. "Ya nini kuificha? Mwenye duka ndiye aliyeniandikia." Na laini yenyewe, akaniambia, mara nyingi inakaa kwa mwenye duka huyo mpaka siku ya malipo, kama rehani ya sukari na sabuni anazokopa. Yeye hujulishwa tu kilichobaki. Tulibandua plasta, tukabadilisha namba, akachagua mwaka ambao mtu mwingine hawezi kuukisia. Deni alilipa siku hiyo hiyo, mbele ya mjukuu wake, na jina lake likakatwa kwenye daftari la duka wakiona.

Kukopa dukani hakuepukiki. Msaada ukichelewa miezi miwili watu watakula nini? Lakini laini, kadi na namba ya siri visitoke mikononi mwa mwenyewe. Mwenye duka akikataa kukopesha bila laini, tafuteni duka jingine.

Kitu kingine ni makato. Kila unapotoa pesa unakatwa ada ya kutoa, na juu yake kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Kwenye milioni moja, kodi peke yake ni shilingi 5,000. Wakala asiye mwaminifu atakukatia pesa yako vipande vitatu akidai floti, yaani pesa yake ya kazi, haitoshi, na kila kipande kina ada yake. Ni kweli kwamba siku ya malipo pesa taslimu hutuishia sote, sikatai, lakini dawa yake ni kurudi kesho. Pesa iliyo kwenye simu haiozi, na wala usiitoe yote. Toa ya deni na ya chakula cha wiki, nyingine iache ilale huko ambako haina anayeiona.

Akiba yenyewe naipenda zaidi kwenye kikundi. Vikundi vya hapa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake usiku. Wakongo na wenyeji wamo pamoja, na katika hilo nimeona undugu ukikua kuliko kwenye mkutano wowote wa hadhara. Kikundi kina faida nyingine kwa anayepokea msaada: ndugu akija na shida ya uongo, unamwambia ukweli kwamba pesa iko sandukuni mpaka siku ya kugawana.

Tafadhali pia msiijenge nyumba juu ya pesa isiyo yenu. Mwaka 2023 WFP iliwagawa wakimbizi makundi matatu kulingana na hali zao, na 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, watu karibu milioni moja wakaondolewa kwenye orodha. Nilishuhudia akina mama wakibonyeza simu kila asubuhi kuangalia salio. Yaliniuma na bado yananiuma, kwa sababu wengi wao hawana pa kulima. Walioshika vizuri kidogo ni wale waliokuwa na kikundi, au kuku, au bustani ya mboga nyuma ya nyumba.

Matapeli nao wanajua tarehe za malipo kuliko sisi. Shirika la kweli halikuombi ada ili uandikwe, wala halikupigii kuuliza namba ya siri. Mtu akikwambia tuma 10,000 ili jina lako lipite, hata kama amevaa fulana yenye nembo, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ukaulize.

La mwisho ni kwa wenye wazazi wanaokaribia miaka 80. Chukueni vitambulisho vyao vya taifa leo, msome mwaka wa kuzaliwa. Wako wazee wengi ambao mwaka ulikosewa walipoandikishwa, mwingine kitambulisho kinamfanya mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, na SAGE inafuata kilichoandikwa pale. Marekebisho hufanywa NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwenye ofisi ya wilaya, na yanaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo msingoje afikishe umri ndipo muanze. Beba cheti cha ubatizo kama kipo, au barua ya LC1, nenda naye wewe mwenyewe, na karatasi watakayowapa itunzeni pamoja na kitambulisho.