Leso, halwa, viungo na vinyago: maswali yenu kuhusu maduka ya Mombasa

Karibu maswali yote yaliyokuja safari hii ni ya Mombasa, na nimefurahi manake yale maduka yanayouza kitu kimoja tu na kukijua vizuri bado yapo, si kila kitu kimehamia supamaketi.

Swali: Nimeposa binti wa Kimombasa, natoka Nakuru, nataka kumpelekea mama mkwe leso nzuri. Niende wapi?

Hongera sana kaka. We nenda Biashara Street moja kwa moja, ule mtaa unaokata Digo Road, huko ni leso, yani kanga, mlango kwa mlango. Duka linalojulikana kushinda yote ni la Kaderdina Hajee Essak, hao wako kwenye biashara tangu 1887, na leso zao utazijua kwa maandishi madogo yaliyochapwa kando, K.H.E. Mali ya Abdulla, mama yeyote wa Pwani akiona hapo anajua umenunua wapi.

Sasa usikimbilie rangi. Kwanza soma jina, yani yale maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji (ile nafasi ya katikati ya leso), juu kidogo ya pindo. Leso inasema na mvaaji na aliyepewa, kwa hivyo ukimpelekea mama mkwe leso ya "Mwenye wivu ajinyonge" utakua umeanza vita na posa bado changa. Tafuta kama ile ya "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu", hio haikosei. Mwambie muuzaji wazi kwamba ni ya mkwe, atapanda juu ya rafu akushushie zinazofaa, atakufungulia moja moja hapo mezani na wala hakasiriki. Shika kitambaa pia, pamba ina uzito wake na ikiwa mpya inakua ngumu ngumu, poliesta inateleza mkononi na jua la Mombasa hapo mama atateseka bure.

Leso inauzwa pea ikiwa haijakatwa. Usiibebe hivo hivo, toka nje kuna mafundi na vyerehani vyao barazani, wanakata na kupinda ukingoja. Na mwambie mama afue peke yake mara ya kwanza, nyekundu hasa inachuja.

Swali: Halwa itafika Nairobi kabla haijaharibika?

Itafika dada, tena bila wasiwasi, sukari na samli zinailinda. Usiiweke kwenye friji tu manake samli inaganda na halwa inakua ngumu. Nunua Old Town kwa wanaopika wenyewe, onja kwanza (watakupa kipande, ndio desturi), halwa nzuri inavutika kidogo na iliki unaisikia kabla ya utamu.

Swali: Marikiti naitwa "sister" kila kona mpaka nachanganyikiwa, nanunua viungo vya pilau wapi?

Pole mamangu, najua. Vile vipakiti vya rangi rangi vilivyopangwa mbele ni vya watalii, vipite. Ingia kwenye maduka ya vichochoro vya kuzunguka soko, yale yenye magunia yamefunguliwa mdomo na akina mama wa mtaani wanapimiwa kwa mizani, hapo ndipo pa kununua. Chukua vitu vizima, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, halafu usagishe mwenyewe, ya unga huwezi kujua imekaa siku ngapi wala imechanganywa na nini. Iliki ipasue moja uangalie, mbegu ziwe nyeusi na zinate, zikiwa kavu za kijivu rudisha. Zafarani usinunue bila kuitia uzi mmoja kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli inatoa rangi ya dhahabu polepole na uzi wenyewe unabaki mwekundu, ya uongo inamwaga rangi hapo hapo.

Swali: Nina masaa machache kabla ya ndege, nataka kinyago cha maana.

Basi Akamba Handicraft, Changamwe, iko upande huo huo wa kwenda airport. Ni ushirika wa wachongaji wenyewe, ulianza 1963, na uzuri wake ni kwamba unapita kwenye vibanda unaona mtu ameketi chini, gogo katikati ya miguu, anatoa twiga kwa tezo na vumbi la mbao limemjaa mikononi. Uliza mti gani. Mpingo na muhugu vilikatwa sana mpaka vikawa adimu, mwarobaini na mwembe ni miti ya kupanda, mimi ningechukua ya mwarobaini na roho yangu ikatulia.

Kama uko upande wa Nyali badala yake, nenda Bombolulu. Ipo tangu 1969, wanaofanya kazi ni watu wenye ulemavu, na vito na vitu vya ngozi vyao vimeshonwa na kumaliziwa vizuri kweli, si vya kununua kwa huruma.

Swali: Ijumaa wanafungua?

Asubuhi ndio. Kuanzia saa sita hivi wengi wanafunga kwenda kuswali na kula, wanarudi alasiri. Jumapili usitegemee Biashara Street, ya leso malizia Jumamosi asubuhi.