Fundi Anajibu: "Nimeshazima" haitoshi

SWALI: Mimi ni msimamizi wa karakana. Vijana wangu wote walipitia semina ya usalama wa umeme na vyeti wanavyo. Juzi mmoja kapigwa shoti akifungua mota "iliyozimwa". Nimekosea wapi?

JIBU: Pole, ndugu msimamizi. Kwanza kijana aonwe na daktari, hata akisema yuko sawa.

Cheti hakishiki tesita, kile kifaa cha kupima kama kuna umeme. Nilipokuwa mwanagenzi, fundi wangu alinisimamisha mbele ya paneli akaniambia nipime. Tesita ikanyamaza. "Salama," nikasema. Akanipeleka kwenye soketi yenye umeme: ikanyamaza vilevile! Ilikuwa mbovu, naye alijua. Tangu siku hiyo najaribu tesita kwanza penye umeme, napima ninapotaka kufanya kazi, kisha narudi tena penye umeme.

Somo la namna hiyo lifanyikie kwenye mashine yenyewe, si ukumbini. Mwache kijana azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli lake, atundike kibao chenye jina lake, na ufunguo ukae mfukoni mwake, si mwako. Wakiwa watatu, makufuli matatu. Kisha apime wewe ukimtazama. Kama kuna kapasita, zitolewe chaji, maana huhifadhi umeme hata baada ya kuzima.

Waambie pia kwamba mkondo mdogo wa umeme, miliampea 10 hivi tu (sehemu moja ya mia ya ampea), unaweza kukaza misuli mkono ushindwe kuachia waya. Wengi hudhani hatari huanzia kwenye laini kubwa.

Na huyo aliyepigwa, usimfokee. Mwombe awaonyeshe wenzake ilivyotokea.