Ukurasa wa Alaska wa 1867: gazeti lenyewe au nakala?

Salaam mkuu. Umeuliza kama ukurasa wa Harper's Weekly, gazeti la kila wiki la Marekani, wenye mchoro wa Sitka, mji wa Alaska, wa 1867, mwaka Marekani iliponunua Alaska kwa Warusi kwa dola milioni 7.2, ni halisi au umechapwa juzi, na mbona una rangi.

Kwanza geuza. Gazeti lile lilichapwa pande zote mbili, kwa hiyo ukikuta nyuma peupe, achana nalo. Halafu chukua kioo cha kukuzia, uangalie anga na bahari. Mchoro ulichongwa kwenye ubao, utaona mistari mitupu. Ukiona vinukta vinukta, hiyo ni nakala. Michoro mikubwa ilichongwa kwenye vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja, na mara nyingine pale vipande vinapoungana mstari mweupe mwembamba kama uzi hukatiza mawingu ukashuka hadi kwenye paa la nyumba. Napenda sana kuuona, ila nakala nzuri nayo huuonyesha, ndiyo maana nasema anza na nyuma.

Rangi si ya gazeti. Lilitoka nyeusi na nyeupe, mtu kapaka baadaye. Mimi nilishalipa bei maradufu kwa ukurasa wa rangi nikidhani ndio adimu!

Karatasi ya miaka hiyo ilitokana na matambara, hukunjika bila kuvunjika. Ikimegeka kama chapati kavu, tilia shaka.

Kwa picha moja siwezi kukuapia. Mwombe muuzaji picha ya nyuma na ya ukingo wa kushoto. Matundu ya uzi yakiwepo, ukurasa ulichomolewa kwenye juzuu, yaani magazeti yaliyoshonwa pamoja kama kitabu.