Umeuziwa kibovu? Kusanya ushahidi kabla ya kupiga kelele

Ukipita Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla jijini Kampala, utaliona lile bango ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wanunuzi wengi wakilisoma hunywea. Bango hilo linamhusu aliyebadili mawazo njiani. Si ruhusa ya kuuza kibovu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka kitu kilingane na maelezo yake na kifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja. Shika hilo neno "aliitaja". Ukinunua pampu bila kusema kisima kina kina cha mita ngapi, muuzaji atasema hakujua, na hapo ana hoja. Taja kazi, na iandikwe kwenye risiti.

Risiti ndipo wengi wanapoanguka. Kitabu cha risiti kinachapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, kwa jina lolote utakalo, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "bidhaa mbalimbali, 350,000" haina uzito mkubwa. Dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA: ina nambari yake, na inamfunga muuzaji kwa URA pia. Ndiyo maana wengine hukuahidi punguzo ukikubali kuikosa. Punguzo hilo unalilipia kwa ushahidi wako. Kwa duka dogo lisilo na mfumo huo, jina la biashara, tarehe, aina ya kitu, kipimo na sahihi vyote viandikwe. Ikiwa ni simu, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji, linganisha nambari ya utambulisho (IMEI) itakayotokea na ile ya kwenye boksi, kisha iandikwe kwenye risiti. Ukilipa kwa mobile money, usifute ujumbe.

Halafu pima mwenyewe. Chukua nondo, kwa sababu hapo mjenzi ndipo anapoliwa zaidi. Kipenyo kwa milimita kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 inatoa kilo 0.89 kwa mita. Ikiwa na urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7. Upungufu mdogo unavumilika, viwanda vyote vinao. Lakini ikisoma kilo 9, hiyo ni nondo ya milimita 11 uliyolipia kama ya 12, na nguzo ya nyumba yako haitajua kwamba ulidanganywa. Pima urefu pia kwa futi kamba, maana kuna zinazopunguzwa nusu mita.

Mizani ya sokoni ina mtihani rahisi zaidi. Beba chupa ya maji ya lita 1.5 isiyofunguliwa. Uzito wake ni kilo moja na nusu na kidogo tu cha plastiki. Mizani ikionyesha 1.7, umeshajua. Kabla ya hapo tazama kama mshale unaanza kwenye sifuri na kama kuna stika ya uhakiki ya mwaka huu kutoka UNBS, shirika la viwango la taifa. Ya miaka iliyopita ni pambo.

Sasa milango ya kupeleka malalamiko. Makosa ya kawaida ni kukimbilia polisi, ambao mara nyingi watakwambia hilo ni dai la fedha kati yenu wawili. Vipimo, simiti, mabati, vyakula vya pakiti na alama bandia za ubora ni kazi ya UNBS, Bweyogerere. Dawa ni NDA. Ukiuziwa dukani dawa yenye maandishi kwamba ni mali ya Serikali ya Uganda na haiuzwi, usiitupe, ipeleke na pakiti yake. Mitandao ya simu ni UCC, benki ni Benki Kuu, wakopeshaji wadogo ni UMRA, umeme ni ERA. Kwa simu na benki, anza kwa kampuni yenyewe na uchukue nambari ya malalamiko, la sivyo utarudishwa ulikotoka. Na kibovu chenyewe usimwachie muuzaji bila karatasi ya mapokezi: "njoo kesho" imeshameza televisheni nyingi.

Vyama vya hiari vya watumiaji, kama CONSENT, havina mamlaka ya kukamata bidhaa wala kufunga duka. Tusivitwishe mzigo huo. Nguvu yao ni kuunganisha. Mtu mmoja mwenye unga mbovu ni mlalamishi. Watu kumi wenye unga wa nambari moja ya toleo (batch), tarehe tofauti na maduka tofauti, hao ni ushahidi ambao mkaguzi hawezi kuuweka kabatini. Mtaani kwenu mnaweza kuanza na daftari tu: tarehe, duka, bidhaa, nambari ya toleo, uzito ulioandikwa, uzito uliopatikana. Mizani moja ya kikundi iliyohakikiwa inatosha. Mkitaka kuandikishwa, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa eneo lenu. Vikundi hivi hufa kwa jambo moja: mwenyekiti akianza kupokea "shukrani" kutoka kwa wenye maduka. Daftari likae kwa mtu mwingine.

Muuzaji akikataa kabisa, na dai halizidi shilingi milioni 10, mahakama ya madai madogo ipo kwa hakimu. Mpe kwanza notisi ya madai kwa maandishi, siku 14, na ubaki na nakala aliyosaini kuipokea. Zikipita, jaza fomu mahakamani. Mawakili hawasimami pale, utajieleza mwenyewe, kwa hiyo peleka risiti, picha za bidhaa iliyo juu ya mizani namba zikionekana, na yule aliyekuwepo mlipoipima nondo.