Arabuko-Sokoke na Gede: tengeni asubuhi mbili

Ndugu yangu, umesema kwamba mwezi ujao utasafiri kutoka Mombasa kwenda Malindi pamoja na mama yako mzazi na watoto wawili, na ukauliza kama msitu wa Arabuko-Sokoke unastahili kusimamiwa njiani, au kama inatosha kuyaona magofu ya Gede kisha mwendelee na safari. Nimeingia katika msitu huo mara nne kwa miaka tofauti, kwa hiyo naomba unistahimilie nikijibu kwa urefu. Ushauri wangu ni kwamba mlale Gede au Watamu usiku mmoja au miwili, asubuhi ya kwanza muipe msitu na ya pili muipe Gede, wala msijaribu kuvibana vyote viwili katika mchana mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Nilikwenda na kampuni moja ya utalii iliyokuwa imepanga magofu, msitu na ufuo wa Watamu katika siku moja. Tulifika kwenye lango la msitu saa sita mchana, jua likiwa utosini, tukatembea kwa dakika arobaini huku tukizungumza kwa sauti, tukarudi garini bila kuona chochote isipokuwa vipepeo wachache waliotua kwenye unyevu wa barabarani. Niliondoka nikiamini kwamba mle hamna kitu. Nilikosea sana. Msitu huu si kama Tsavo, ambako ndovu huonekana kutoka mbali na gari likasimama. Hapa karibu kila kilicho adimu ni kidogo, kimejificha, na kina saa zake za kutoka.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko mingine yote ya aina yake iliyosalia katika Afrika Mashariki, yaani misitu mikavu ya pwani ambayo zamani ilitanda kama mkanda sambamba na bahari na ambayo leo imebaki vipande vipande. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943. Mgeni akipita barabara kuu huona ukuta wa miti upande mmoja na mashamba upande wa pili, akadhani kwamba miti ile ni ya namna moja tu. Ukweli ni kwamba ndani yake mna misitu mitatu. Upande wa mashariki, karibu na barabara na bahari, ambako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na misandarusi, kivuli kizito, na zulia la majani makavu chini. Katikati hupita ukanda wa mchanga mweupe ambako mirihi imesimama kwa nafasi, na mwanga hupenya hadi ardhini. Kisha, ukiendelea magharibi, udongo hugeuka mwekundu karibu ghafla, mvua hupungua hadi kama milimita 600, na miti inakuwa mifupi na iliyosongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupita bila kuinama. Mwombe mwongozaji awavushe mipaka hiyo mitatu kwa gari, mkishuka na kutembea kidogo katika kila sehemu, maana kila sehemu ina viumbe wake ambao huwezi kuwakuta katika nyingine.

Sasa nikueleze asubuhi yangu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nirudi tena na tena. Nilikutana na mwongozaji kwenye kituo cha msitu cha Gede, ambacho kiko mwendo mfupi kusini mwa makutano ya Gede, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Kabla hatujaingia aliniambia kwamba leo nitumie masikio kuliko macho. Tulitembea polepole kwenye njia ya mchanga, kisha akanyanyua mkono, tukasimama. Kulikuwa na sauti ya majani kupekuliwa: kwaru, kwaru, kimya, kwaru, kimya. Nilidhani ni kuku wa mtu. Baada ya dakika chache akatokea kando ya mzizi mnyama mwenye uzito wa nusu kilo hivi, miguu myembamba kama ya paa, pua ndefu ikizunguka huku na huku mfano wa mkonga, na juu kidogo ya mkia kiraka cha manyoya ya rangi ya dhahabu, kana kwamba alikuwa ameketi kwenye rangi ambayo haijakauka. Huyo ndiye sange wa kiuno cha dhahabu, na sehemu kubwa ya sange wa aina hiyo waliobaki duniani wamo katika msitu huu. Nilihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kijiti kikavunjika chini ya kiatu, naye akapiga mkia wake juu ya majani makavu mara kadhaa kwa haraka, akatoweka kwa miruko mirefu.

Mwongozaji alinieleza mambo ambayo baadaye niliyasoma pia katika maandishi ya watafiti. Sange hawa huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo moja ambalo hulilinda, lakini hawatembei pamoja. Kila mmoja hutafuta wadudu na minyoo peke yake. Ngozi iliyo chini ya kile kiraka cha dhahabu ni nene kuliko ya mgongoni, na inadhaniwa kwamba rangi ile humvuta adui ashambulie mahali ambapo mnyama anaweza kustahimili pigo na kukimbia. Watoto wako watapenda jambo hili kuliko yote. Wape kazi ya kuisikia ile kwaru kabla ya mwongozaji, na utaona kwamba hawatahitaji kuambiwa wanyamaze.

Katika sehemu ya mirihi tafuteni ndege juu ya vilele vya miti, hasa kwera wa Clarke, ambaye hupatikana Kaunti ya Kilifi pekee na hupita kwa makundi yenye kelele. Sikubahatika kumwona ila mara moja, tena kwa sekunde chache.

Bundi ni habari nyingine. Katika vichaka vya udongo mwekundu anaishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita zipatazo 16, ambaye wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Nje ya hapa anajulikana katika milima ya Usambara ya Mashariki nchini Tanzania na sehemu chache sana nyingine. Huwika usiku, na mchana hulala kwenye tawi la chini ndani ya kichaka. Waongozaji wa kituo kile huzijua sehemu zao za kulala. Yule wangu aliingia peke yake akiwa ameinama, akakaa ndani kama robo saa, kisha akatoka na kuniita kwa kidole. Nilitambaa hadi alipokuwa na sikuona kitu ila majani makavu, hata aliponielekeza, mpaka mojawapo ya yale majani lilipofumbua jicho la manjano. Walikuwa wawili, wamegusana mabega, mmoja wa kijivu na mwenzake mwekundu kama kutu. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba bundi ni ndege wa mikosi, na ninajua kwamba huenda mama yako akasita kuletewa habari zake. Mimi naweza kusema tu kwamba tulikaa pale dakika tano bila kupumua kwa nguvu, na nikatoka na moyo mweupe. Msiombe kuwapiga picha kwa taa, wala msimshinikize mwongozaji awasogeze karibu zaidi akisema inatosha.

Asubuhi ya pili ndiyo ya Gede. Huu ulikuwa mji wa Waswahili ulioanza katika karne ya 12 hivi, ukastawi katika karne ya 15, na kuhamwa katika karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa kuanzia mwaka 1948 hadi 1958, na vitu vilivyopatikana, vikiwemo vyombo vya kauri kutoka China na shanga, vinaonyesha jinsi watu wa hapa walivyofanya biashara na nchi za mbali ingawa mji wenyewe hauko ufukweni. Karibu na jumba la kifalme kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Watu hubishana kuhusu sababu ya mji kuhamwa: wapo wanaotaja uvamizi wa Wazimba mwaka 1589, wapo wanaotaja ujio wa Waoromo, na wapo wanaotaja maji. Mimi naegemea maji, ingawa si mtaalamu, kwa sababu ya kisima kilicho karibu na msikiti mkuu, ambacho wachimbaji waligundua kwamba kiliongezwa kina baadaye. Simama ukingoni mwake utazame chini. Mtu haongezi kina cha kisima cha mawe ila kwa kiu.

Nisichokijua wakati wa ziara yangu ya kwanza ni kwamba Gede na msitu ni habari moja. Watu walipoondoka, miti ilirudi ndani ya nyumba. Mibuyu na mikwaju imesimama mahali palipokuwa na nyua, na mizizi ya mikuyu imezishika kuta za matumbawe kwa namna ambayo huwezi kujua kama inazibomoa au inazizuia zisianguke. Sange yule yule wa dhahabu anaishi katika msitu mdogo unaozunguka magofu haya. Kwa hiyo atakayekuwa amejifunza kusikiliza majani siku ya kwanza, siku ya pili atasikia mengi. Kima wa hapo wamezoea kulishwa ndizi na wageni. Nakusihi uwakataze watoto, kwa kuwa kima aliyezoea kupewa hujifunza kupokonya.

Ndani ya eneo hilo hilo la Gede muingie pia kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 wakati ambapo majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wapate mashamba. Wakulima hufuga viwavi kwenye vizimba, wakiwalisha majani ya miti ya asili, na viwavi wakishageuka pupa huuzwa kwa mradi, nao huzisafirisha hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo kabla vipepeo hawajachomoza. Mtu aliyeona msitu kama kizuizi sasa anautegemea kwa majani na kwa vipepeo wa mbegu. Si suluhisho la kila kitu, kwani miti ya muhuhu bado hutafutwa na wachongaji, na kuni na makaa bado ni haja ya kila siku kwa familia zinazoishi pembeni. Lakini fedha unayomlipa mwongozaji mwenyeji na mradi kama huu hufika kwa watu ambao uamuzi wao ndio unaoulinda msitu, na hiyo ni sababu tosha ya kutoingia kimyakimya bila mwongozaji ili kuokoa shilingi.

Sababu ya pili ni usalama. Ndovu wamo, wamezungushiwa uzio wa umeme kuwatenga na mashamba, na katika vichaka vile unaweza kumkaribia bila kumwona. Muwe na viatu vilivyofungwa na soksi ndefu kwa ajili ya siafu, nguo zisizong'aa, na maji ya kutosha, kwa kuwa ndani hakuna mahali pa kununua. Viingilio hulipwa kwa eCitizen, yaani mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, basi lipeni mkiwa bado hotelini penye mtandao mzuri. Kuhusu gari, mchanga mweupe hunasa magurudumu wakati wa kiangazi na udongo mwekundu huteleza mvua ikinyesha, hivyo wakati wa masika msiende magharibi kwa gari dogo. Bakini mashariki kwa miguu, ambako sange na vipepeo wapo.

Umesema pia kwamba mama yako hawezi kutembea mwendo mrefu. Mimi nilikwenda na mama yangu katika ziara ya tatu, magoti yakiwa yanamsumbua. Msituni alitembea nasi kama mita mia mbili kwenye njia tambarare, kisha akabaki garini na dereva, na hakulalamika. Gede ndipo palipomfaa, kwa sababu njia ni fupi, kivuli kipo kila mahali, na mtu anaweza kupumzika kila baada ya hatua chache. Tulipofika kwenye nyumba zilizo karibu na jumba la kifalme akasema ataketi hapo, nasi tukaketi naye. Haikupita nusu saa, ikaanza ile kwaru upande wa pili wa ukuta. Sange akaingia kupitia mahali palipokuwa mlango, akapekua majani katika chumba kile kutoka kona hadi kona kama anayefagia, na mama akanishika bega nisije nikasema neno. Mbebeeni mama yako kiti chepesi cha kukunja, kwa kuwa mawe ya pale ni ya baridi asubuhi, na muwe mmefika lango likifunguliwa, kabla mabasi ya shule hayajaja.