Hizo sabuni si za bure, jamani

Ndugu zangu wa Makorora na nyie wa Chumbageni huko Tanga, ile video mliyoirusha kwenye grupu la familia nimeiona. Mama wa Kizungu kajaza toroli mpaka juu, keshia anapitisha vikaratasi tii, tii, tii, mwisho risiti inasoma sifuri. Na maneno ya chini nimeyasoma yote. "Kumbe huko vitu bure, halafu dada kila siku analia hana hela." Shangazi naye, bila kuandika neno, kaweka vile vikatuni vya kucheka vitatu. Haya. Dada mwenyewe ndo mie, huku Marekani nakata kuponi kweli, vile vikaratasi vya kupunguziwa bei, siwafichi, na ndo maana nataka nijibu mwenyewe kabla hamjaenda kumuuliza mama mbona ile nyumba ya Mikanjuni haijaezekwa mpaka leo.

Hebu rudini muangalie kwenye lile toroli kuna nini. Haradali. Chupa na machupa ya haradali, dawa za meno za kusugua mtaa mzima, na chakula cha paka. Mchele uko wapi? Nyama iko wapi? Kuponi za maana zinatoka viwandani, na kiwanda kinatoa kwenye vitu vyenye jina lake: shampuu, konifleksi, pampasi, sabuni ya maji. Kitunguu hakina kampuni ya kukitangaza. Tungule ndo kabisa. Na pilau haipikwi kwa dawa ya meno. Mchele na nyama ya mbuzi mie nanunua kwa Wasomali, wamejaa hapa Columbus, kuna mmoja kakulia Mombasa tunapiga Kiswahili mpaka wateja wanalalamika, ila kuponi kwake hakuna, na ukimwambia apunguze anakucheka tu.

Na msidhani duka linatoa sadaka. Ukipeleka kuponi ya dola moja, duka linakupunguzia hiyo dola, halafu linaenda kuidai kiwandani pamoja na senti 8 za usumbufu, imeandikwa pale pale kwenye karatasi kwa maandishi ya kukutoa machozi. Kiwanda kinakubali kwa sababu kinataka uzoee. Coca-Cola walianza mchezo huu tangu miaka ya 1880, wanakupa tiketi ya glasi moja ya bure, na ya pili unatoa senti zako tano mwenyewe kwa raha zako. Ndo hivo hivo mpaka leo. Tuseme sabuni ya jina kubwa ni dola sita, una kuponi ya dola moja, umelipa tano umefurahi, na pembeni yake pale pale kuna sabuni yenye jina la duka lenyewe inauzwa dola tatu na nusu haina kuponi wala makelele. Wengi huku wanapigwa hapo hapo, tena wanatoka wanatabasamu.

Ili upate faida lazima usubiri. Unaishika kuponi mpaka wiki ambayo duka nalo limeshusha bei ya kitu kile kile, unaunganisha viwili, hapo ndo kinashuka kweli. Sasa kusubiri kunataka mpangilio, na mpangilio wangu ni faili moja nene la kurasa za plastiki zenye vimifuko, zile ambazo watoto wa huku wanawekea picha za wachezaji wao. Kila kimfuko kuponi moja, kurasa nimezipanga kwa jinsi duka lilivyo ukiingia mlangoni, sabuni mbele, vya barafu mwisho, na tarehe ya kuisha nazungushia kalamu nyekundu maana ikipita siku moja tu hiyo ni takataka. Kuponi za karatasi zenyewe zinapungua, nyingi zimehamia kwenye simu, unabonyeza kabla hujafika kaunta, sasa wazee wasiojua simu ndo wanalipa bei nzima. Bibi mmoja ninayemuogesha kazini ananiwekea zile kurasa za kuponi za gazeti la Jumapili chini ya mto ili mwanae asizitupe, na mie nambonyezea za kwenye simu yake. Ndo rafiki yangu huyo, msicheke.

Sasa kaunta. Hiki ndo nilikuwa nataka mkijue maana video haionyeshi. Mashine inaikataa kuponi, wakati kila kitu kiko sawa, ujazo sawa, tarehe sawa. Keshia anaigeuza mbele nyuma, ananiangalia mie, anaiangalia karatasi, anawasha ile taa ya juu ya kaunta ya kumuita meneja. Taa inawaka na kuzimika. Foleni nyuma yangu imesimama, mtu anashusha pumzi kwa nguvu ili nisikie, mwingine anahama na vitu vyake kwenda kaunta nyingine, meneja anakuja bila haraka ananiuliza hii umeipata wapi. Kwa sauti, kama mtu anayeongea na kiziwi. Senti 75 hiyo jamani! Na siondoki. Nasimama pale na koti langu na faili langu kifuani mpaka ziingie, kwa sababu nimezipangia kazi. Kisha natoka na mifuko kusubiri basi, theluji imeganda barabarani, vidole sivisikii.

Wiki nzuri vikijumlishwa vyote inabaki dola kumi na tano. Haiezeki nyumba hiyo. Lakini ndo hizo zinazoingia kwenye simu ya mama mwisho wa mwezi, dawa zake za presha zimo humo, ada ya mtoto wa marehemu kaka imo humo. Mshahara wenyewe unaishia kwenye kodi ya nyumba na umeme. Nikisikia "vitu bure" kutoka kwa mtu ambaye nimemlipia ada, wallahi nashindwa hata kukasirika vizuri.

Na zile shampuu nilizoleta mara ile nilipokuja, najua ndo zilizowatia wazimu. Mama hajazifungua mpaka leo, kazipanga kwenye kabati la vioo pale sebuleni kama makombe ya Coastal Union. Mama, zioshee nywele, zinaharibika!

Kuna aliyeandika nimtumie kuponi "nipige deal huku". Zina masharti, haziuzwi, na nyingi zimeandikwa kabisa thamani yake kwa pesa taslimu ni senti moja gawa kwa mia. Utaipeleka sokoni Mgandini umpe nani? Na ukitoa kopi ni wizi huo, watu wamefungwa. Wewe Mgandini una mdomo, unamwambia mama wa watu bwana niongezee fungu, anakuongezea huku anakutukana kidogo, mnaachana salama. Mie huku mdomo haunisaidii kitu.

Mdogo wangu uliyejaza bahati nasibu ya grinkadi, kile kibali cha kuishi huku, sikwambii usije. Usije lakini kama una lile duka lako la Barabara ya Ishirini na linatembea. Ukipata, njoo, nitakulaza sebuleni, wiki ya kwanza tu jiandikishe kadi za supamaketi na usinunue kitu bila kusoma ile bei ya maandishi madogo chini, ya kwa kila aunsi, kipimo cha huku. Kuponi usizianze mapema zitakula usingizi wako. Au anza tu, bora hizo kuliko kukopa.

Kuna mtu anashuka Dar mwezi ujao kanigawia kilo chache kwenye begi lake. Wifi aliyejifungua aniandikie pembeni, sio kwenye grupu, mtoto anatumia pampasi saizi gani, kuponi inaisha Jumamosi. Shangazi, wewe losheni ile ile au? Shampuu sileti.